Jinsi ya Kushuka Singida

Watanzania wengi wamefika Singida. Walioshuka ndio wachache. Waliobaki waliiona kupitia dirisha la basi la Mwanza, Kahama au Bukoba, kwa muda ule ambao konda huutangaza kuwa dakika kumi na abiria wote wanajua ni ishirini: chipsi kuku, soda, kuchimba dawa, honi, twende. Muulize mtu wa namna hiyo habari za Singida, atakwambia kuna upepo, mawe, kuku na mafuta ya alizeti. Hakukosea hata kimoja. Lakini mwongozo huu haumhusu. Unamhusu yule anayetaka kushuka na begi lake, alale, na kesho yake asiwe na basi la kuwahi.

Maandalizi huanzia nyumbani, kwenye maelezo. Ukiwaambia watu unakwenda Zanzibar kupumzika, watakuomba picha. Ukisema Arusha, watasema unajiweza. Ukisema Singida, kutakuwa na ukimya mfupi, kisha mtu mwenye huruma atauliza: "Kuna msiba?" Usikasirike. Kwa kawaida sisi tunasafiri kwa sababu tatu: msiba, harusi, na semina yenye posho. Kumwambia shangazi yako kwamba unakwenda kutazama mawe ni kumtafutia presha. Mwambie unakwenda kuangalia shamba. Ataridhika, na heshima yako katika ukoo itapanda kidogo.

Nasema mawe kwa makusudi, na hapa naomba tuvuke bahari kwa dakika moja. Huko Ufaransa, katika pwani ya Bretagne, kuna kijiji kinaitwa Ploumanac'h. Kina majabali ya granaiti ya rangi ya waridi, yamepandana kando ya maji, na upepo unayapiga mwaka mzima. Mwaka 2015 Wafaransa wenyewe walikichagua kwa kura kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote. Jirani yake, Plougrescant, kuna nyumba iliyojengwa mwaka 1861 ikiwa imebanwa na majabali mawili, moja kila upande, na watu husafiri kutoka mbali ili waipige picha kwa nje tu, kwa kuwa ni nyumba ya watu. Singida Mjini, nyumba iliyobanwa na majabali haina hata kibao. Ukiuliza, utaambiwa ni kwa mama fulani, na kwamba kodi ya chumba inalipwa miezi sita mbele.

Tena yale ya Ploumanac'h ni mawe ya juzi. Yana miaka kama milioni 300. Granaiti ya Singida ni sehemu ya ule mwamba mkongwe wa katikati ya Tanzania, wenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba huu ulikuwa umeshatulia zamani kabla dunia haijapata samaki hata mmoja. Kama umri ungekuwa unalipiwa kiingilio, Halmashauri ya Manispaa isingehangaika na ushuru wa stendi.

Sasa, safari. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakutoa Dar es Salaam na kukushusha Dodoma ukiwa bado na shati lililonyooka. Ukifika hapo unarudi kwenye usafiri uliouzoea. Zimebaki kilomita kama 240, na utapanda basi ambalo mpiga debe amekuapia kwamba linakwenda moja kwa moja. Hakudanganya. Linakwenda moja kwa moja hadi Bahi, likasimama. Moja kwa moja hadi Kintinku, likasimama. Kisha linapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na huko juu utaona vichaka vikavu na ardhi nyekundu ambayo itabaki kwenye soksi zako hadi utakapozitupa.

Usilale kipande hicho. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, huko Tabora, ilikiita Mgunda Mkali, na wapagazi walikiogopa kwa ukosefu wa maji. Burton na Speke walikipita mwaka 1857. Stanley alikipita mwaka 1871, akimtafuta Livingstone. Kila mmoja alikwenda mbio ili atoke upande wa pili akiwa hai. Kwa hiyo abiria anayeiona Singida kupitia dirishani asijione mzembe. Anafuata mila yenye zaidi ya miaka 150.

Mtihani wenyewe uko Stendi ya Misuna. Basi likisimama, simama na wewe, chukua begi. Konda atakutazama.

"Chimba dawa hapo nyuma, kaka, usichelewe."

"Nashuka."

"Unashuka Singida?"

"Nashuka Singida."

"Kuna mtu anakupokea?"

Mwambie yupo. Ukisema hayupo, atakupa namba ya shemeji yake mwenye bajaji, nawe utazungushwa mjini na mtu mwema sana atakayetaka kujua ni idara gani imekutuma. Maana mgeni asiyejulikana, mwenye begi la mgongoni, anayetazama huku na huku, hapa huhesabiwa kuwa mkaguzi.

Kitu cha kwanza kitakachokupokea ni upepo. Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, uwandani, na hakuna kitu cha maana cha kuuzuia upepo. Mwezi wa sita na wa saba una baridi juu yake. Mtandio mwepesi hautafaa. Utaukuta kwa jirani. Mwavuli usiufungue, hata mvua ikinyesha, isipokuwa kama una shughuli upande ule unaokupeleka. Kofia ya kapelo ivaliwe kinyumenyume, kama vijana, bila kujali umri wala cheo. Kwa miaka mingi sasa tumeelezwa kuhusu mradi wa kuvuna umeme kwa upepo huu, wenye mapangaboi makubwa juu ya nguzo, nami nauombea heri. Kazi ya upepo ambayo haijawahi kusubiri mfadhili ni kupepeta uwele. Mama anamimina kutoka ungo ulioinuliwa juu ya kichwa, makapi yanakwenda kwa mwenye bahati mbaya, na punje zinadondoka miguuni pake zikiwa safi.

Ukishazoea kutembea kwa kuinama, nenda ziwani. Mji una maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote ya maji ya chumvichumvi na kina kidogo. Singidani ndilo kubwa, na wakubwa hupelekwa huko. Mimi nalipenda zaidi Kindai, kwa sababu ndogo kwamba watu hawalisifu. Kando ya Singidani majabali yamekaa moja juu ya jingine kwa namna inayomfanya mhandisi ainuke aondoke. Jabali la ukubwa wa lori limekalia ncha ya jingine, chini yake mbuzi wamelala kivulini, na hakuna anayetazama juu.

Ploumanac'h wana njia ya miguu inayofuata pwani, iliyotumiwa zamani na maofisa wa forodha waliowavizia wenye magendo; leo wanaitembea watalii, wakiwa na viatu vya bei mbaya. Njia za Singidani zimechongwa na mbuzi, ng'ombe na watoto wenye ndoo, na bado zinatumiwa na wenye njia. Ukikutana na ng'ombe, mpishe. Usitafute mwongoza watalii. Kaa juu ya jiwe lolote kwa muda wa kumeza maji, utapewa mtoto. Atatokea mwenyewe, wa darasa la tatu au la nne, atakuamkia shikamoo, kisha atapanda jabali miguu mitupu na kukusubiri juu huku akikuangalia unavyohangaika na raba zako. Vua viatu. Granaiti ni kavu na ina makwaruzo, na unyayo unashika kuliko soli yoyote ya Kariakoo. Panda jioni, kuanzia saa kumi na moja, jua likiwa limelala na jiwe likiwa bado na joto la mchana. Mchana wa saa saba liachie mijusi.

Swali la heroe litakusumbua, kwa kuwa kila aliyeandika kuhusu Singidani ametaja wale ndege wa pinki wenye miguu mirefu. Ni kweli huja. Huja maji yakiwa wanavyoyataka wao, na huondoka bila barua. Usimwulize mvuvi kwa sauti ya kulalamika, "Mbona heroe hawapo?" Yeye si mwajiri wao. Watazame ndege waliopo, na usiogelee.

Kuna upande mwingine wa mawe, na mgeni mwenye kamera huukuta ghafla. Ni pale unaposikia nyundo. Chini ya jabali wamekaa kina mama, wamejifunika khanga kichwani kwa ajili ya vumbi, wanagonga kokoto. Jabali huwashiwa moto wa kuni au matairi chakavu hadi litoe ufa. Vipande vikubwa hupasuliwa kwa nyundo nzito. Vipande vya ngumi huja kwa mama, naye ana mpira uliokatwa pete wa kulishikilia jiwe lisimrukie usoni, na nyundo ndogo iliyoisha mpini. Mbele yake kuna fungu lenye umbo la kichuguu. Karibu naye mtoto amelala kwenye kivuli cha gunia. Ukifika, adabu ni hii:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unataka lori ngapi?"

"Hapana mama, nimekuja kuangalia tu."

"Kuangalia nini?"

"Mawe."

Hapo nyundo itasimama. Atakutazama, atamwita mwenzake wa fungu la pili aje naye akutazame, na siku yao itakuwa imepata kicheko cha bure. Usianze kuwaeleza kuhusu Wafaransa. Nunua angalau ndoo, hata kama huna pa kuipeleka. Kivutio cha utalii cha Singida ndicho msingi wa nyumba za Singida, na mpaka sasa anayekilipia ni mwenye nyumba, wala si mtalii.

Kuhusu mazungumzo. Mkoa umemzaa Tundu Lissu, huko Ikungi, na umemzaa Mwigulu Nchemba, huko Iramba. Ukijumlisha kwamba Mohammed Dewji naye ni mzaliwa wa hapa, utaona kwamba meza yoyote ya chai ina mada tatu zinazoweza kumwaga chai. Ongea habari za mvua. Mvua ni chache, kila mtu ana maoni, na hakuna aliyekamatwa. Mpira nao una hatari zake. Kwa miaka michache tumekuwa na Singida United, Singida Big Stars, Singida Fountain Gate na sasa Singida Black Stars, kwa hiyo kabla hujanunua jezi uliza kwanza timu inaitwaje msimu huu.

Na utakutana na mdau. Ni mtu wa ofisini, mkarimu, mwenye suruali ya kitambaa, na ndani ya dakika tano atakwambia Singida ina fursa nyingi. Muache. Fursa ndiyo zao kuu la mkoa, alizeti inafuata.

Alizeti yenyewe nenda ukaione mwezi wa tatu au wa nne, ikiwa imechanua. Utataka kusimama katikati ya shamba upige picha. Omba ruhusa, tena usikanyage, maana kichwa unachokiegemeza shavuni ni mafuta ya mtu. Kuanzia mwezi wa tano, alizeti ikishavunwa, barabara kuu inapata mapambo yake: meza za miti zenye madumu na chupa za mafuta, nyingi zikiwa zimewahi kuwa za maji ya kunywa, zimepangwa jua lizipige ili rangi iwaite wenye magari. Muuzaji atakutikisia chupa mbele ya macho. Tikisa kichwa na wewe, kama mtu anayejua kinachotafutwa humo. Kisha fungua, nusa. Mafuta ya kukamuliwa karibuni yananukia karanga mbichi na jua, na yakiungwa kwenye mlenda jirani anabisha hodi.

Ukiwa na siku ya ziada, toka mjini. Ushauri wangu ni kaskazini-magharibi, kuelekea Shelui, ili ushuke Mlima Sekenke. Barabara inajikunja kuelekea mbuga za Wembere, mbele yako kuna malori ya Rwanda na Burundi yanayoteremka kwa gia nzito na kunuka breki, na dereva wako, aliyekuwa akipiga stori tangu Misigiri, ananyamaza. Huo ukimya wake uheshimu. Sehemu hizi ndiko ulikokuwa mgodi wa dhahabu wa Sekenke, uliofunguliwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowakatia njia za baharini na fedha zikawaishia, waliichukua dhahabu ya Sekenke, wakaipeleka kwenye karakana ya reli ya Tabora, na mwaka 1916 wakagonga sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000, zenye tembo aliyeinua mkonga. Leo wakusanyaji sarafu huko Ulaya na Marekani huzigombania kwa maelfu ya dola. Wanaziita sarafu za Tabora. Unaona mambo yanavyokwenda: dhahabu yetu, jina la Tabora. Kitunguu cha Singida kinafanyiwa hivyo hivyo kila siku sokoni Ilala.

Kaskazini, upande wa Mkalama na Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, na utashauriwa uende "kuwaona". Kama una mwenyeji wa huko na sababu ya maana, nenda. Kama unataka kupigwa picha umeshika upinde, baki mjini. Wao wamewaona watalii wengi kuliko wewe utakavyowahi kuwaona Wahadzabe, na huwa hawakosei kumtambua mtu wa upinde.

Kusini, Manyoni na Itigi, kuna asali, na hapa kuna tahadhari ya kihistoria. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mwanamke wa Kinyaturu aliyeitwa Liti Kidanka aliongoza watu wake kuwapinga Wajerumani, na masimulizi yanasema silaha yake ilikuwa nyuki. Bunduki zilikuja zimepangwa mstari, nyuki wakaja bila mstari. Uwanja wa mpira wa Singida, ule uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa una jina lake. Kwa hiyo unaponunua asali usimwambie muuzaji kwamba bei ni kubwa. Bidhaa hiyo imetoka kwa wapiganaji. Onja kwa kidole, si kwa kijiko chake, kisha lipa.

Nimeacha chakula mwishoni kwa sababu chakula hapa kina miguu. Dar es Salaam kila kuku wa kienyeji anayeuzwa huapiwa kuwa ametoka Singida, hata yule aliyezaliwa Tandika. Singida hakuna kiapo, kuna matenga. Asubuhi utayaona kando ya barabara, yamesukwa kwa fito, vichwa vyekundu vimechomoza kila tundu, yakisubiri basi. Ukiagiza kuku mgahawani saa sita, usimuulize mhudumu kama yuko tayari. Ukisikia mbio nyuma ya jiko, ujue oda yako imepokelewa. Zikikoma, hesabu saa moja. Atakuja na ugali wa uwele, wa kijivu, mzito, ambao haujali kama umezoea sembe nyeupe, na mlenda pembeni. Mlenda una kanuni moja: ukishachovya, zungusha tonge mara mbili hewani uukate uzi wake, kisha peleka mdomoni bila kusita. Anayesita anarudi na shati la mistari. Nyama ya kuku itakuwa ngumu. Ndiyo maana yake. Huyu alikuwa na kazi, alikuwa na maadui, alikimbia hadi dakika ya mwisho, si yule wa wiki sita aliyelelewa na taa.

Ukipata mwenyeji wa kweli, mtu aliyekukaribisha nyumbani kwake hata mara moja, siku ya kuaga atakupa jogoo. Akiwa hai. Kukataa ni matusi, na kusema "nitampitia kesho" ni kukataa. Mpokee kwa mikono miwili, sema asante mama, asante mzee, usiulize ana kilo ngapi. Miguu itakuwa imefungwa kwa utepe wa kitambaa. Usiufungue kwa huruma ukiwa gesti. Usimfungie bafuni, kuna mwangwi. Mweke kona ya chumba, kwenye boksi lenye matundu, mpe maji na punje kidogo za mtama, na ulale mapema kwa kuwa yeye ataamka saa kumi kasoro na hatakuwa na aibu. Mhudumu atagonga mlango. Atataka kujua ni kwa nini umeandika mtu mmoja kwenye kitabu cha wageni ilhali mmelala wawili. Mwambie huyo si mgeni.